UZI: Vitamini na wasiwasi uliopitiliza: nini kinasaidia, nini kinaharibu, na dozi zake

Kipimo_Kwanza

Wakuu, salaam.

Swali la "vitamini gani inaondoa wasiwasi" linarudi kila mara, na majibu huwa orodha ya makopo. Naona swali lenyewe limekaa vibaya. Ubongo hutengeneza wenyewe kemikali za kututuliza, na vitamini ni vifaa vya kazi hiyo. Kifaa kikikosekana, kazi inazorota. Kikirudishwa, inaendelea. Ukirundika vifaa juu ya vinavyotosha, mara nyingi hupati chochote cha ziada, na kwa vitamini kadhaa unaanza kujidhuru.

Chukua B6. Kemikali inayoitwa GABA ndiyo breki ya ubongo. Inatengenezwa kutoka kwa glutamati, ambayo yenyewe kazi yake ni kuchochea. Yaani breki inachongwa kutoka kwenye kichocheo, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakisogei bila B6. B6 hiyohiyo inahitajika katika hatua ya mwisho ya kutengeneza serotonini na dopamini. Ushahidi wake ni wa zamani: mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, watoto wachanga walionyweshwa maziwa ya kopo ambayo B6 yake ilikuwa imeharibiwa na joto kiwandani walipata degedege. Walipopewa B6, degedege ikakoma. Breki ilikuwa imeondoka, ikarudi.

Foleti na B12 zinafanya kazi pamoja kwenye mzunguko unaosaidia kutengeneza kemikali za neva na kulinda ala ya neva. B1 inahitajika ili ubongo upate nguvu kutoka kwenye sukari. Vitamini C inatumika kugeuza dopamini kuwa noradrenalini.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe: je, mtu huyu ana upungufu? Na la pili, ambalo watu husahau: je, vidonge anavyomeza sasa ndivyo vinavyomletea hizo dalili? Karibuni wenye ujuzi tuweke nondo hapa, dozi na vipimo, siyo sifa za makopo.

---

Mdadisi_K

Ahsante kwa uzi, mkuu. Ila kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, uliotoka 2022. Vijana 478, wengine wakapewa B6 miligramu 100 kwa siku, wengine B12 mikrogramu 1000, wengine kidonge kitupu, kwa takriban mwezi. Wa B6 wakaripoti wasiwasi kupungua. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Sasa hiyo si inapingana na maelezo yako?

---

Darubini

Mdadisi, umeusoma vizuri na swali lako ni la haki.

Utafiti upo, na una jambo zuri ambalo tafiti nyingi za vitamini hazina: mbali na dodoso, walipima pia uwezo wa macho kutambua michoro iliyozungukwa na michoro mingine, kipimo ambacho hubadilika breki ya ubongo inapoongezeka nguvu. Matokeo yalielekea upande huohuo. Kwa hiyo sisemi ni hewa.

Lakini angalia mambo matatu. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ya dawa za wasiwasi. Ulikuwa mwezi tu. Na miligramu 100 si dozi ya kumshauri mtu mtandaoni. Mtu mzima wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 1.3 kwa siku, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya mara 75. Marekani wameweka kikomo cha juu kabisa palepale kwenye miligramu 100. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2023 ilishusha kikomo chake kutoka miligramu 25 hadi 12. Hawakushusha kwa kubahatisha. Kuna watu waliopata madhara ya neva wakiwa na dozi zilizokuwa zikidhaniwa ni salama, hasa wakitumia kwa miezi mingi.

Ndilo jambo linalonisumbua zaidi katika mada hii. Vitamini hii inasifiwa kuwa huyeyuka kwenye maji na "ikizidi unaikojoa". Kwa B6 hilo si kweli. Ikizidi inaharibu seli za neva za hisia zilizo pembeni mwa uti wa mgongo. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti watu waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakafika mahali miguu inakufa ganzi na mwendo unayumba. Kwa dozi ndogo inachukua muda mrefu zaidi, lakini mwelekeo ni uleule: ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya miguu, kisha nyayo, kisha mikono. Wengi hupata nafuu wakiacha, ila inachukua miezi, na wengine hubakiwa na alama.

Na hapa ndipo mtego ulipo: ganzi ya vidole na kuchomachoma ni dalili ambazo mtu mwenye wasiwasi huzipata pia anapohema haraka. Anadhani wasiwasi umezidi, anaongeza dozi. Tofauti yake: ganzi ya kuhema haraka huja na kuondoka ndani ya dakika, mara nyingi kuzunguka mdomo na kwenye vidole vya mikono. Ya B6 haiondoki, huanzia miguuni, na huwa pande zote mbili kwa usawa.

---

Mhasibu_wa_Lebo

Nakazia hapo kwa Darubini, maana B6 haiingii kwa kopo moja.

Fanya hivi leo: kusanya kila kitu unachomeza au kunywa chenye vitamini, kiweke mezani, andika B6 ya kila kimoja kwa siku. Mfano wa hesabu: multivitamini miligramu 4, kidonge cha "B zote" miligramu 50, magnesiamu iliyochanganywa na B6 miligramu 10, kinywaji cha kuongeza nguvu kopo mbili zenye miligramu 5 kila moja. Jumla 74. Mtu huyu atakuambia hatumii B6 kabisa, na kwa nia njema, kwa sababu hakuna kopo lililoandikwa B6 mbele.

Majina yake kwenye lebo ni pyridoxine au pyridoxal phosphate. Hili la pili huuzwa kama umbo bora, "lililo tayari kutumika". Lihesabu vilevile kwenye jumla.

Angalia pia lebo inasema kiasi ni cha kidonge kimoja au cha dozi nzima, ambayo inaweza kuwa vidonge 2 au 3. Kosa hili ni la kila siku.

---

Neema_Maabara

Naomba kuongeza nyama kwenye vipimo, kwa sababu pesa nyingi huishia kwenye vidonge wakati kipimo kimoja kingetoa jibu.

Mtu akija na wasiwasi mpya, moyo kwenda mbio, uchovu na usingizi mbaya, vinavyostahili kuangaliwa mapema ni: picha kamili ya damu, ferritini (kipimo cha akiba ya chuma), B12, homoni za tezi ya thairoidi na sukari. Vitamini D iongezwe kwa aliye katika hatari. Ferritini nimeitaja japo chuma si vitamini, kwa sababu upungufu wa chuma unaleta moyo kudunda na pumzi kukatika, na mtu anaishia kutibiwa hofu. Hemoglobini inaweza kuwa nzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Ferritini chini ya nanogramu 15 kwa mililita kwa mtu mzima asiye na maambukizi ni upungufu wazi, na madaktari wengi huanza kushughulika ikiwa chini ya 30. Kumbuka ferritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo namba nzuri wakati wa homa isikudanganye.

B12: chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, hapo omba kipimo cha asidi ya methilimaloniki au homosisteini. Zote mbili hupanda seli zikikosa B12. Usisubiri upungufu wa damu uonekane ndipo uamini. Neva na akili vinaweza kuathirika damu ikiwa bado inaonekana ya kawaida.

Wanaopaswa kuifikiria B12 mapema: wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, wazee, waliokatwa sehemu ya tumbo au utumbo, wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka, wanaotumia omeprazoli na ndugu zake (dawa za kupunguza asidi tumboni) kwa zaidi ya miaka miwili. Dalili zinazoambatana na wasiwasi wa aina hii ni ulimi mwekundu laini unaouma, ganzi miguuni, kusahau, na kuyumba gizani.

---

Mdadisi_K

Dada Neema, hii ya ganzi imenichanganya. B6 ikizidi ganzi, B12 ikipungua ganzi?

---

Neema_Maabara

Ndiyo, ndugu yangu, na ndiyo maana kubahatisha ni hatari. Mtu mwenye upungufu wa B12 akianza kidonge cha "B zote" chenye B6 nyingi, anaweza kuziba tundu moja huku akichimba lingine. Mwambie daktari kila unachomeza kabla ya damu kutolewa.

Na kuna moja ambayo lazima niiseme kwa sauti: biotini. Ni vitamini B7, iko kwenye vidonge vya nywele na kucha, mara nyingi miligramu 5 au 10, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 tu. Haileti wasiwasi. Inaharibu majibu ya maabara. Vipimo vingi hutumia biotini kama gundi ndani ya mashine. Ikiwa damu yako imejaa biotini, mashine inaweza kuonyesha TSH (homoni inayoamrisha tezi ifanye kazi) iko chini na homoni za tezi ziko juu, picha ileile ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Sasa fikiria mtu mwenye wasiwasi na moyo kwenda mbio, jibu linakuja hivyo. Anaweza kuanzishiwa dawa za tezi asiyo na ugonjwa wake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo 2017 na kulirudia 2019, kwa sababu biotini hupotosha pia kipimo cha troponini cha shambulio la moyo.

Acha biotini angalau siku 2 hadi 3 kabla ya kupima, na kwa dozi kubwa sana uliza maabara, huenda wakataka muda zaidi.

---

Mfamasia_Mkongwe

Ngoja nitaje vitu vinavyoleta dalili zinazofanana kabisa na hofu, halafu lawama zikaenda kwa akili.

Niasini, B3. Umbo la asidi ya nikotiniki kuanzia kama miligramu 30 hadi 50 linaweza kupanua mishipa ya ngozi: uso, shingo na kifua vinawaka, ngozi inakuwa nyekundu, inawasha, wengine moyo unadunda. Hutokea ndani ya nusu saa hivi baada ya kumeza, hasa tumbo likiwa tupu. Mtu asiyejua atasema "nimepata shambulio la hofu". Umbo la nikotinamidi halileti hilo. Soma lebo. Upande wa pili, upungufu mkali wa niasini, pelagra, huanza na kukereka, wasiwasi na kukosa usingizi kabla ya ngozi kuchubuka na tumbo kuharisha. Walio hatarini ni wanywaji wa pombe kupindukia na wenye lishe duni sana.

Kafeini. Bidhaa nyingi za "vitamini za nguvu" zina kafeini ndani, wakati mwingine kwa jina la guarana. Mtu anahisi vitamini B inamwamsha, kumbe ni kafeini. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo ya saa 10 jioni bado iko nusu saa 3 usiku. Ukiona kidonge cha vitamini kinakufanya utetemeke, hii ndiyo ya kwanza kutafuta.

Vitamini A ikizidi huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kukereka. Kikomo ni mikrogramu 3000 kwa siku kwa umbo la retinoli. Kwa mjamzito ni hatari kwa mtoto, asijaribu bila daktari.

---

Jua_na_Kivuli

Vitamini D haijatajwa ipasavyo na ndiyo inayouzwa sana kwa ajili ya hisia na huzuni.

Walio na wasiwasi au sonona mara nyingi hukutwa na D ndogo. Lakini mtu mwenye sonona hujifungia ndani na hula vibaya, kwa hiyo D inaweza kuwa matokeo badala ya chanzo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020, watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 kwenda juu, ukawapa yuniti 2000 kwa siku kwa takriban miaka 5. Haikuzuia sonona. Kwa wasiwasi wenyewe sina sababu ya kutegemea zaidi ya hapo kwa mtu ambaye D yake inatosha.

Mwenye upungufu wa kweli ni habari nyingine: atibiwe, kwa ajili ya mifupa na misuli, na uchovu na maumivu vikipungua hata wasiwasi unaweza kupoa. Kiwango kwenye damu chini ya nanogramu 12 kwa mililita ni upungufu, 20 kinatosha kwa watu wengi, zaidi ya 50 kinaanza kutia shaka. Mahitaji ni yuniti 600 kwa siku, 800 kwa waliozidi miaka 70, kikomo 4000 bila usimamizi. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, hivyo mikrogramu 25 ni yuniti 1000.

Kosa linalopeleka watu hospitali: kapsuli ya yuniti 50,000 iliyokusudiwa mara moja kwa wiki kumezwa kila siku. Kalsiamu inapanda, kiu, kukojoa mno, kutapika, kuchanganyikiwa, figo kuumia.

---

Mdadisi_K

Na magnesiamu? Kila video inaitaja.

---

Mhasibu_wa_Lebo

Ni madini, lakini inauzwa rafu moja na vitamini kwa hiyo inafaa kujibiwa. Tafiti zipo zinazoashiria nafuu kidogo kwa watu wenye wasiwasi mwepesi, ila nyingi ni dhaifu na baadhi zilichanganya na B6, kwa hiyo huwezi kujua nani alifanya kazi.

Ukijaribu: angalia kiasi cha magnesiamu halisi, siyo uzito wa chumvi yake. Oksidi ina takriban asilimia 60 ya magnesiamu lakini hunyonywa vibaya na huharisha. Sitrati ina asilimia 16 hivi, hunyonywa vizuri zaidi, nayo hulegeza tumbo. Glisinati ina kama 14, kwa kawaida ni laini kwa tumbo. Kutoka kwenye vidonge usivuke miligramu 350 za magnesiamu halisi kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari, kwa sababu figo ndizo zinazotoa ziada, na ikijikusanya inashusha shinikizo la damu na mapigo ya moyo.

---

Kipimo_Kwanza

Sasa namna ya kujaribu bila kujidanganya, kwa aliyeshapima na kuonana na mtaalamu.

Pima wasiwasi wako kwa GAD-7. Ni maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla 21. Alama 5 ni wepesi, 10 wa kati, 15 mkali. Jaza mara mbili kabla ya kuanza, wiki moja ikipita katikati, upate msingi. Kisha badilisha kitu kimoja tu. Usianze vitamini, kuacha kahawa na mazoezi wiki moja halafu useme vitamini imefanya kazi. Jaza tena wiki ya 4 na ya 8. Andika saa ya kumeza na chochote kipya mwilini. Wiki ya 8 hakuna kilichosogea? Acha.

Dozi ya kuanzia iwe karibu na mahitaji ya siku, asilimia 100 hadi 200 kwenye lebo. Mkojo kuwa wa njano kali ni B2 inatoka, usiogope.

Mwenye alama 10 kwenda juu asikae wiki 8 akisubiri kidonge. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, na dawa za daktari, zina ushahidi mzito kuliko kila kitu kilichotajwa kwenye uzi huu. Anayetumia dawa tayari asiikatishe ghafla eti ameanza vitamini. Maumivu ya kifua, kuzimia, au mawazo ya kujidhuru: nenda hospitali sasa hivi.

---

Mfamasia_Mkongwe

Migongano ya dawa, kwa haraka.

Isoniazidi ya kifua kikuu inapoteza B6 mwilini, ndiyo maana wengi hupewa miligramu 25 hadi 50 pamoja nayo. Hiyo ni dozi ya daktari, usiiache kwa sababu ya tuliyoyasema juu. B6 nyingi inapunguza nguvu ya fenitoini (dawa ya kifafa), na ya levodopa (dawa ya Parkinson) ikitumika bila karbidopa, dawa inayoambatanishwa nayo. Vitamini K inavuruga wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na E ya dozi kubwa inaongeza hatari ya kuvuja damu. Magnesiamu inashika baadhi ya antibiotiki na dawa ya tezi tumboni zisinyonywe, acha saa kadhaa katikati.

---

Mdadisi_K

La mwisho kwangu, wakuu. Mtu amepima, B12 na foleti zote ziko chini. Anaanza na ipi?

---

Neema_Maabara

B12 kwanza, au zote pamoja. Kamwe isiwe foleti peke yake. Foleti itarekebisha damu, kila mtu atafurahi picha ya damu imekuwa nzuri, huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya kwa kukosa B12.

Akiwa na dalili za neva, daktari kwa kawaida huanza na sindano. Asiye nazo anaweza kutumia vidonge vya mikrogramu 1000 kwa siku. Namba inaonekana kubwa ukilinganisha na mahitaji ya mikrogramu 2.4, ila kwa mtu ambaye tumbo lake limepoteza uwezo wa kuichukua kwa njia ya kawaida, takriban asilimia 1 tu ndiyo hupita. Hiyo ni mikrogramu 10, inatosha. Katika siku za mwanzo za kutibu upungufu mkali, seli mpya za damu huvuta potasiamu nyingi na potasiamu ya damu inaweza kushuka na kuvuruga moyo, kwa hiyo aliye dhaifu sana aanze chini ya uangalizi. Uchovu hupungua ndani ya wiki, ganzi na hali ya akili huchukua miezi, na kadiri upungufu ulivyokaa muda mrefu ndivyo kinachorudi kinavyopungua.

Jina la dawa likiwa hydroxocobalamin (aina mojawapo ya B12), mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili. Si damu.